Damu ya Mzazi Ipimwe, Isikisiwe

Wasikilizaji na wasomaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kueleza habari ya kazi ya wakunga, na hasa jambo moja ambalo limebadilika katika kazi yao tangu mwaka 2023. Huenda mtu akasema, "Mimi si mkunga, habari hizi zanihusu nini?" Twamjibu kwamba zamhusu kila mtu aliye na mama, mke, dada au binti. Mkunga hufanya kazi yake chumbani, lakini mambo mengi yanayomsaidia au kumzuia hutoka nje ya chumba kile: hutoka nyumbani, njiani na kijijini. Tena, miongoni mwa wanafunzi wanaosoma maneno haya leo, wako watakaokuwa wakunga kesho.

Jambo lenyewe laweza kusemwa kwa maneno machache. Mwanamke akiisha kuzaa, damu imtokayo isikisiwe kwa macho, bali ipimwe. Na kipimo kikifika alama ya hatari, mambo yote ya kuizuia yafanywe pamoja, pasipo kungoja. Kanuni ni hiyo tu. Lakini sababu zake zataka maelezo, maana mtu asiyejua sababu ya kanuni huiacha upesi.

HATARI ILIVYO

Kila mwanamke azaaye hutokwa na damu kiasi, wala hilo si ugonjwa. Lakini damu ikifika nusu lita au zaidi katika saa 24 za kwanza, waganga huihesabu kuwa ni nyingi kupita kadiri. Kila mwaka mamilioni ya wanawake ulimwenguni hupatwa na jambo hilo, na makumi ya maelfu kati yao hufa. Walio wengi katika hao wanaokufa ni wa Afrika na wa Asia ya kusini.

Katika hatari zote za uzazi, ni chache ziuazo upesi kama hii. Homa ya uzazi humpa mgonjwa siku kadhaa za kutibiwa. Kifafa cha mimba aghalabu hutanguliwa na dalili. Lakini damu yaweza kumwondoa mwanamke mwenye afya njema kwa muda wa saa mbili, au hata pungufu. Aliyeingia chumbani akitembea kwa miguu yake mwenyewe aweza kutolewa amebebwa.

Kwa nini hatari hii ina mwendo mkali hivi? Mwili wa mtu mzima una damu yapata lita 5, na mwenye mimba huongezeka damu kupita hapo. Mimba inapotimia, damu ipitayo katika mji wa uzazi yapata nusu lita au zaidi kwa kila dakika, kwa kuwa mtoto hulishwa na damu ya mama kwa njia ya kondo la nyuma. Mtoto akiisha kuzaliwa, kondo hubanduka, na pale lilipokuwa limeshika hubaki jeraha lenye midomo mingi ya mishipa iliyo wazi.

Basi ni kitu gani kinachoziba midomo hiyo? Si kuganda kwa damu peke yake. Kizibo kikubwa ni nyama ya mji wenyewe. Nyuzi za nyama hiyo zimepitana huku na huku kama miyaa katika mkeka, na mishipa ya damu hupita katikati yake. Mji ukijikaza, nyuzi huibana mishipa, kama mtu akunjapo mpira wa maji ili maji yasipite. Ukilegea, mishipa hubaki wazi, na damu hutoka. Katika kila wanawake 10 watokwao na damu nyingi baada ya kuzaa, kama 7 hupatwa kwa sababu hii ya mji kulegea. Sababu nyingine ni kuchanika kwa njia ya uzazi, kipande cha kondo kusalia ndani, na damu yenyewe kukataa kuganda.

Wako wanawake ambao yajulikana mapema kuwa hatari hii iko karibu nao: mwenye mimba ya pacha, mwenye mtoto mkubwa sana, aliyekaa na uchungu muda mrefu, na aliyepata kutokwa na damu nyingi katika uzazi uliopita. Walakini wengi wapatwao hawana dalili yo yote ya kutangulia. Kwa hiyo haifai mkunga achague nani wa kuangaliwa na nani wa kuachwa. Kila mzazi yampasa aangaliwe.

MACHO HUDANGANYA

Tangu zamani, nyumbani hata hospitalini, damu ya mzazi ilikisiwa kwa macho. Mkunga alitazama shuka, akatazama sakafu, akasema moyoni, "Ni ya kawaida," au, "Hii imezidi." Lakini shuka hunywa damu, na kanga huificha. Tena huchanganyika na maji ya uzazi, nyingine humwagika chini ya kitanda. Waliolichunguza jambo hili wameona ya kwamba macho huihesabu damu nyingi kuwa ni chache, na kadiri damu inavyozidi, ndivyo macho yanavyozidi kuipunguza.

Wala damu haitoki kwa kishindo siku zote. Mara nyingi hutoka polepole bila kukoma, kama maji yavujayo katika mtungi wenye ufa. Hakuna asikiaye sauti, na kulipokucha mtungi ni mtupu.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani bila gharama kubwa. Pimeni nusu lita ya maji, myatie rangi nyekundu, kisha myamwage juu ya kanga kuukuu iliyokunjwa. Pimeni nusu lita ya pili, mwimimine katika beseni pana. Nusu lita ya tatu mwimwage juu ya sakafu ya saruji. Halafu waiteni wanafunzi ambao hawakuona mlipokuwa mkipima, kila mmoja aandike kwa siri kila mahali pana maji kiasi gani. Mtakapozisoma karatasi, mtaona majibu yametawanyika, nayo mahali pote ni kiasi kile kile. Hapo wanafunzi wataelewa kwamba lawama si ya mkunga. Jicho halikuumbwa kuwa kipimo.

Nasi tutazame mambo ya kila siku. Mwenye duka hauzi mafuta ya taa kwa kukisia; ana kopo lake. Mwenye kuuza maziwa ana kipimo, na mnunuzi hukiangalia kwa makini asije akapunjwa. Ikiwa mafuta na maziwa hupimwa, yawezekanaje damu ya mzazi iachwe kukisiwa?

UCHUNGUZI ULIOTANGAZWA MWAKA 2023

Swali hilo liliwafanya wataalamu, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham katika Uingereza pamoja na Shirika la Afya Duniani, wafanye uchunguzi mkubwa katika nchi 4 za Afrika: Kenya, Tanzania, Naijeria na Afrika Kusini. Hospitali 80 zilishiriki, na wanawake zaidi ya 200,000 walizaa humo kwa njia ya kawaida wakati wa uchunguzi. Hospitali ziligawanywa kwa kura. Upande mmoja wakunga waliendelea na desturi yao ya kukisia. Upande wa pili walipewa shuka lenye vipimo, wakafundishwa kufanya matibabu yote kwa pamoja mara damu inapofika alama. Habari zake zilitangazwa mwezi wa Mei, mwaka 2023.

Tofauti iliyoonekana ni kubwa. Katika hospitali zilizokisia, wanawake waliotokwa na damu nyingi waligunduliwa 51 tu katika kila 100. Maana yake, karibu nusu yao walikuwa wakipoteza damu mbele ya watu waliosomea kazi hiyo, wala hakuna aliyetambua. Katika hospitali zilizopima, waligunduliwa 93 katika kila 100.

Kisha wataalamu wakahesabu walioangukia katika hatari kubwa, yaani waliotokwa na damu lita 1 au zaidi, au waliopasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au waliokufa kwa damu. Walipokisia, walikuwa 43 katika kila wazazi 1,000. Walipopima na kutenda pamoja, walikuwa 16. Kwa hesabu ya wataalamu, hatari imepungua kwa sehemu 60 katika 100. Tena angalieni: haikuvumbuliwa dawa mpya hata moja. Dawa zilikuwa zile zile. Lililobadilika ni kujua mapema na kutenda kwa pamoja.

SHUKA LENYE MISTARI

Chombo chenyewe hakina fumbo. Ni shuka la plastiki lililo safi, ambalo mkunga hulitandika chini ya mwanamke mara tu mtoto akiisha kuzaliwa. Upande wake mmoja una mfuko mwembamba kwa chini, nao huning'inia kando ya kitanda na kuikinga damu. Mfuko huo umechorwa mistari ya vipimo, kama chupa ya kunyweshea mtoto. Mistari miwili hutazamwa kuliko yote: wa mililita 300, yaani robo lita na kidogo zaidi, na wa mililita 500, yaani nusu lita kamili.

Katika saa ya kwanza baada ya uzazi, mkunga huja kila robo saa. Husoma mstari, huhesabu mapigo ya moyo, hupima presha ya damu, hushika tumbo kujua kama mji umekaza au umelegea. Damu ikifika 500, hangoji dalili nyingine, bali huanza matibabu papo hapo. Hata ikiwa imefika 300 tu, lakini moyo unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, au presha imeshuka, huanza vile vile. Maana mwanamke mwembamba, au mwenye upungufu wa damu tangu mimba, aweza kuzidiwa kabla ya kufika nusu lita.

Mwisho wa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba damu ya kila azaaye kwa njia ya kawaida ipimwe kwa chombo kama hiki. Na mwaka 2025, Shirika hilo pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi yalitoa mwongozo mmoja, ambao ndani yake alama ile ya 300 pamoja na dalili za hatari imewekwa kuwa sababu ya kutosha ya kuanza matibabu.

Mtu aweza kuuliza, "Je, mahali pasipo na shuka hilo?" Hapo mkunga hutumia mizani. Gramu 1 ya damu huhesabiwa kuwa mililita 1. Basi kitambaa hupimwa kikiwa kikavu, na hupimwa tena kikiisha kulowa. Hii ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la nne aiweza. Ikiwa vitambaa vikavu vilikuwa na uzito wa gramu 250, na vilipolowa vina gramu 650, damu iliyomo ni mililita ngapi? Ni 400. Nayo ni damu ambayo jicho lingeweza kuiona kuwa ni kikombe kimoja tu.

MAMBO MATANO KWA PAMOJA

Kupima peke yake hakuponyi. Kipimo ni kama kengele: hulia ili watu waamke wakafanye kazi. Kengele hiyo ikilia, mkunga na wenzake huyafanya mambo haya matano, yote ndani ya robo saa.

La kwanza, huukanda mji wa uzazi kwa mkono kupitia juu ya tumbo, mpaka ukaze na kuwa mgumu, na mabonge ya damu yatoke.

La pili, hutoa dawa ya kukaza mji. Inayotumiwa zaidi ni oksitosini, nayo hupitishwa katika mshipa.

La tatu, hutoa asidi ya traneksamiki gramu 1, pia katika mshipa, kwa muda wa dakika 10. Dawa hii haikazi mji, bali hulinda damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke tena.

La nne, mwanamke huwekewa dripu, ili mwili usikaukiwe.

La tano, huchunguzwa. Kibofu kimejaa mkojo? Kikijaa huuzuia mji usikaze, basi kimwagwe. Njia imechanika? Ishonwe. Kondo limetoka zima? Likaguliwe pande zote. Na kama damu bado haikomi, msaada mkubwa zaidi uitwe mara moja.

Mambo hayo yote yalijulikana zamani. Lakini desturi ilikuwa kuyafanya moja moja. Mkunga alikanda, akangoja aone. Akatoa dawa, akangoja aone. Kisha ndipo akatafuta dawa ya pili. Ni kama mtu ambaye nyumba yake yashika moto, naye amwaga ndoo moja, asimama kutazama, ndipo aende kisimani kuteka nyingine. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini ni wao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili tufuate neno la pili.

HABARI YA DAWA ZENYEWE

Inafaa wanafunzi wajue dawa hizi zilitoka wapi, maana hazikushuka kama mvua. Wakunga wa Ulaya tangu karne nyingi walijua kwamba kuvu fulani iotayo katika nafaka hukaza mji wa uzazi, lakini ilikuwa ni sumu pia, na wengi walidhurika. Mwaka 1935, Harold Dudley na John Chassar Moir, waliokuwa wakifanya kazi London, walifaulu kuitenga dawa iliyo ndani ya kuvu hiyo, nayo ikaitwa ergometrini.

Oksitosini ni dawa ambayo mwili wa mwanamke hujitengenezea wenyewe. Hutoka katika ubongo, nayo hutiririka zaidi mtoto anyonyapo. Ndiyo sababu mtoto huwekwa titini mara akiisha kuzaliwa. Lakini ile ya mwili pengine haitoshi. Vincent du Vigneaud wa Marekani alifaulu kuitengeneza nje ya mwili mwaka 1953, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1955.

Na asidi ya traneksamiki ilivumbuliwa Japani na mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto, ambao waliitangaza mwaka 1962. Bibi Utako alitamani kwa miaka mingi ijaribiwe kwa wanawake watokwao na damu baada ya kuzaa. Jaribio hilo lilikuja kufanywa katika nchi 21, kwa wanawake zaidi ya 20,000. Habari zake zilitoka mwaka 2017, nazo zikaonyesha kwamba wakipewa dawa ndani ya saa 3, wafao kwa damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Bibi Utako alikuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia, 2016.

Tumetaja saa 3 kwa makusudi. Baada ya muda huo, faida ya dawa hiyo haionekani tena. Kila robo saa inayopita pasipo kutenda hupunguza nguvu yake.

Oksitosini nayo ina adui yake, nalo ni joto. Hutakiwa kukaa katika friji, kati ya digrii 2 na 8 za Selsiasi. Ikiachwa juu ya meza katika nchi ya joto, nguvu yake hupungua siku kwa siku, ijapokuwa rangi yake haibadiliki, na mkunga aweza kumchoma mgonjwa sindano iliyo karibu na maji matupu. Kwa hiyo friji ya zahanati haifai kujazwa soda na nyama, wala umeme wake usiwe jambo la kusahauliwa na kamati ya kijiji. Dawa nyingine, karbetosini isiyoharibiwa na joto, ilijaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, zikiwamo Kenya na Uganda, na mwaka 2018 ilitangazwa kwamba huzuia damu sawasawa na oksitosini. Lakini hiyo ni ya kukinga, yaani hutolewa mara mtoto akiisha kuzaliwa, ili damu isizidi.

WAJIBU WETU SISI TUSIO WAKUNGA

Sasa twarudi kwa yule aliyeuliza, "Habari hizi zanihusu nini?"

Kwanza, tuyaache maneno yasemayo kwamba damu ya uzazi ni damu chafu, iachwe itoke mpaka iishe. Damu iendeleayo kumtoka mzazi ndiyo ile ile iliyomlisha mtoto, na ndiyo impayo mama pumzi. Haina uchafu. Waliosema hivyo hawakuwa na nia mbaya, bali hawakuwa na kipimo. Sisi tunacho, basi hatuna udhuru.

Pili, kazi ya kuzuia damu huanza miezi mingi kabla ya uzazi. Mwanamke mwenye damu pungufu hana akiba ya kupoteza. Vidonge vya kuongeza damu vitolewavyo kliniki vimezwe, visiachwe vijae vumbi juu ya kabati. Chandarua kitumiwe, maana malaria hula damu. Dawa ya minyoo imezwe kama mkunga aagizavyo, maana safura nayo hula damu. Mboga za majani, kunde, maharagwe, dagaa na nyama, mwenye mimba asinyimwe kwa ajili ya miiko.

Tatu, mzazi akae hospitalini au katika kituo saa 24 baada ya kuzaa, asiharakishwe nyumbani kwa sababu ya sherehe au ya shamba. Na jamaa waliopo wasikasirike mkunga akija kila robo saa kushika tumbo na kutazama mfuko. Hamsumbui mgonjwa, anamlinda.

Nne, ikitukia mwanamke amezalia nyumbani au njiani, au amekwisha kurudi kwake, jamaa wazijue dalili. Vitambaa vyalowa mara kwa mara, mabonge makubwa ya damu yatoka, aona kisunzi, jasho la baridi lamtoka, moyo wamwenda mbio, midomo yageuka kuwa myeupe. Akiwa na dalili hizi, safari ianze saa ile ile. Asingojwe mume aliye mbali wala mzee wa ukoo kutoa ruhusa. Ruhusa hiyo na itolewe mapema, mimba ikiwa bado changa. Wakati gari latafutwa, mwanamke alazwe chali, afunikwe apate joto, akojoe kama aweza, na mtoto awekwe titini.

Tano, nauli na chombo cha safari vifikiriwe kabla. Katika Tanzania upo mpango uitwao M-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Mtu hupiga simu namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa, au dereva wa karibu aliyeandikishwa, huitwa amchukue mzazi au mtoto mchanga. Mahali penye mpango kama huu, namba yake iandikwe ukutani, na watoto wa nyumba waijue kwa moyo.

Sita, tutoe damu. Pengine mambo yote matano hufanywa sawasawa, na bado mgonjwa huhitaji damu ya mtu mwingine. Damu hiyo haitengenezwi kiwandani. Haina chanzo kingine ila mkono wa mtu mwenye afya aliyekubali kuketi kwa muda mfupi na kutoa kiasi kisichofika nusu lita. Ni karibu kiasi kile kile kinachotosha kumtia mzazi hatarini. Lakini mwenye afya akikitoa, mwili wake hukirudisha.

Na kwa wakunga wanaosoma maneno haya twasema neno moja. Tunajua kwamba pengine zamu ya usiku ina mkunga mmoja na wazazi watatu, na kwamba mashuka haya hayajafika kila zahanati. Lakini mizani iko mahali pengi, saa iko, na mkono wa kushika tumbo upo. Anzeni na hivyo. Na viongozi wa vijiji watakapouliza zahanati yahitaji nini, jibu liwe tayari: mashuka ya kupimia damu, dawa zilizohifadhiwa baridi, na mtu wa pili wa kusaidia usiku.

Walimu wenzetu nao wasiliogope somo hili kwa kuwa lataja mambo ya uzazi. Waweza kulifundisha katika hesabu, wanafunzi wanapojifunza lita na gramu. Mtoto atakayejua leo kwamba nusu lita ni alama ya hatari, huenda siku moja akawa ndiye pekee nyumbani atakayesema, "Tusingoje, twendeni."